Chupa ya maji ya nusu lita nusura inizikie mtoto. Wenye watoto wadogo Dar piteni hapa

#1 Mlinzi wa Kimanga

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma ahamie jukwaa la mapenzi.

Nakaa Tabata Kimanga, nyumba ya kupanga, vyumba sita, na uani kila mtu na jiko lake. Jumamosi ya wiki tatu nyuma nilikuwa nimelala, nimetoka lindo la usiku. Mama watoto anawasha mkaa ainjike maharage. Mnaujua mkaa wa masika, umelowa, haushiki mpaka uunyweshe mafuta ya taa. Mafuta yalikuwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, ile ile ya dukani, karatasi yake bado imebandikwa. Akamimina kidogo, akaiweka chini pembeni ya jiko, akaingia ndani kuchukua kiberiti. Kwenda na kurudi.

Dogo ana mwaka mmoja na miezi tisa. Kifuniko kilikuwa kimekalia tu, hakijakazwa. Na chupa kama ile ndiyo anayonyweshwa maji kila siku ya Mungu, kwa hiyo kwa akili yake pale hakuna alichokosea. Akapiga funda. Mimi usingizini nikasikia kikohozi cha kupaliwa, halafu yowe la mama yake.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mama wa chumba cha pili, mtu mzima ninayemheshimu, akasema apewe maziwa yakate sumu. Akapewa, kikombe kizima. Mwingine akasema atapishwe. Aliyemtia kidole ni mimi, wala simsingizii mtu. Akatapika maziwa yananuka mafuta ya taa mpaka puani. Haikupita muda, akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani, tundu za pua zinapanuka kama mtu aliyekimbizwa. Bajaji. Zahanati ya kwanza hawana oksijeni. Bajaji tena, foleni ya Buguruni mnaijua.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Nani kamtapisha?" Nikaangalia sakafu.

Amekaa siku nne kwenye oksijeni. Leo yuko mzima, asubuhi kavunja rimoti ya jirani. Alhamdulillah.

Kilichonileta ni hiki. Tangu turudi, kila mtu anamsema mke wangu. Wapangaji, wifi zake, hadi bi mkubwa kapiga simu kutoka Korogwe: "Mwanangu umeoa mzembe." Na mimi siku mbili za kwanza nilikuwa upande wao. Halafu niko lindoni usiku nikajiuliza, ile chupa nani aliileta nyumbani? Ni mimi. Mangi wa dukani anapima mafuta ya mia tano, ya buku (elfu moja), lakini chombo unaenda nacho. Chombo gani kinapatikana kila nyumba ya Dar bila kukinunua? Jibuni wenyewe. Zile sekunde za kufuata kiberiti kila mama anazo mara mia kwa siku. Kilichofanya siku ile iwe tofauti ni chupa.

Wataalamu njooni. Na wenye lawama pia njooni, nimezoea.

#2 Kiroboto Mtiifu

Naweka kambi hapa. Pole sana mkuu.

#3 Bwana Hesabu

Pole mkuu, ila usimtetee mkeo. Mama anayejielewa hawezi kuacha mafuta ya taa chini na mtoto anatambaa. Mama zetu walitulea kwa koroboi na chemli miaka yote na tuko hapa.

#4 Bibie wa Uswazi

Bwana Hesabu, tuko hapa sisi tuliobaki. Wale ambao hawako hawawezi kukujibu humu.

#5 Nesi wa Zamu

Mlinzi, pole, na hongera kwa kukiri kidole. Wengi hawakiri, inabidi tubahatishe. Nimefanya wodi ya watoto miaka kadhaa hapa Dar, ngoja niandike taratibu.

Mafuta ya taa hayaui kwa tumbo. Yakifika tumboni yakatulia, mara nyingi mtoto ataharisha kidogo, atacheua yenye harufu, basi. Shida yake ni mapafu. Ni mepesi mno, yanatambaa kuliko maji. Tone dogo tu likikosea njia likaingia kwenye mrija wa hewa linasambaa pafuni na kuondoa ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane. Hapo unapata nimonia ya kemikali, haijaletwa na mdudu. Ndiyo maana kikohozi ulichokisikia kilikuwa ishara mbaya kuliko funda lenyewe. Mtoto aliyekohoa au kupaliwa wakati anameza, hesabu kwamba kiasi kimeshaingia.

Sasa fikiria unamtapisha. Mafuta yanapita kooni mara ya pili, safari hii kwa kasi, mtoto analia na kuvuta pumzi kwa nguvu. Ulichokifanya ni kuyapa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa hayakati sumu hii. Yanajaza tumbo, na tumbo lililojaa linatapika lenyewe hata bila kidole. Mafuta ya kula, vivyo hivyo. Mkaa wa kusaga, vivyo hivyo, na mafuta ya taa wala hayashikwi na mkaa.

Cha kufanya ni kidogo mpaka watu hawaamini. Mvue nguo zilizolowa, kwa sababu ule mvuke anaendelea kuuvuta na ngozi inaungua. Mwoshe kwa sabuni. Mkalishe wima. Usimpe kitu mdomoni. Beba chupa, muende hospitali. Hata kama anacheka. Tunamkalisha muda wa saa sita hivi au zaidi tukimwangalia, kwa sababu pumzi inaweza kubadilika baadaye, na picha ya kifua ikipigwa mapema mno inaweza kuonekana safi ikakudanganya. Wazazi wanagombana na sisi hapo: "Mbona mtoto mzima, mnatuweka wa nini?" Mnawekwa kwa ajili ya hizo saa.

Kuhusu lawama, sitaki kuingia kwenye ndoa ya watu. Ila nitasema kitu kimoja: akina mama wakiogopa kusemwa wanaficha. Nimeshapokea mtoto anahema kama mbwa, mama anasema "ameamka hivi hivi". Mpaka nikamnusa kichwani.

#6 Mpemba wa Ilala

Nesi, ahsante. Ila hilo la maziwa bado halijaniingia. Sisi tumekua tunaambiwa sumu yoyote, maziwa. Babu alinywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya akapewa maziwa akapona.

#7 Nesi wa Zamu

Babu alipona, na maziwa yalikuwepo. Hatujui kama angepona bila maziwa, na uwezekano mkubwa ni ndiyo. Sumu si jina la kitu kimoja. Mafuta ya taa yanashambulia mapafu. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, inaunguza mrija wa chakula. Dawa ya wadudu inavuruga neva. Utakuwaje na kikombe kimoja kinachotibu vyote vitatu?

#8 Sabuni Tamu

Hapo kwenye kostiki naomba nichangie maana ndiyo biashara yangu, natengeneza sabuni ya mche na ya maji huku Mbagala. Ile kitu ikiwa punje ni nyeupe, mtoto anaona sukari. Ikikorogwa kwenye maji inaonekana maji. Mwaka wa kwanza wa biashara nilikuwa naihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Namba ya majaliwa ilikuwa haijafika tu.

Swali kwa Nesi: nilisikia ukimeza kostiki unakunywa ndimu ili ivunje nguvu, ni kweli?

#9 Nesi wa Zamu

Usithubutu. Tindikali ikikutana na kostiki inatoa joto, unaunguza juu ya kidonda. Na asitapike, inaunguza ikishuka na itaunguza ikipanda. Msukutue mdomo kwa maji, mwoshe uso, kimbia. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 20 zikitimia kabla ya bajaji, hapo usiwahi hospitali kabla ya kuosha. Wanaopona kostiki wengine mrija wa chakula unabaki na kovu, unasinyaa, mtoto anashindwa kumeza hata ugali. Anarudi hospitali kupanuliwa koo mara kwa mara, miaka. Sitaki kuielezea zaidi.

#10 Fundi Rangi

Na sisi mafundi mtuangalie. Tina ya kuchanganyia rangi tunaiweka kwenye chupa za maji na soda kila saiti. Nyumba unayopaka ina watoto wa mwenye nyumba wanazunguka. Sijawahi kuliwaza hili, nakiri mbele ya kadamnasi.

#11 Mwana Mburahati

Mnaongelea mafuta ya taa mnasahau dawa ya kunguni. Wale jamaa wa spika, "kunguni, mende, viroboto, panyaaa", wanapita mitaani kwetu kila wiki. Unanunua ya buku, anakumiminia kwenye chupa ya maji, nyeupe kama maziwa ukichanganya na maji. Haina jina, haina maelezo, hujui ni ya kunguni kweli au ya pamba. Shemeji yangu alipuliza chumbani saa moja jioni, saa tatu wakalala humo na mtoto. Asubuhi mtoto anatokwa mate kama bomba, macho kiini kimekuwa kama ncha ya kalamu.

#12 Nesi wa Zamu

Mwana Mburahati, hiyo uliyoieleza ni picha ya kitabuni kabisa. Mate, jasho, machozi, kiini cha jicho kidogo, anajikojolea, misuli inatetemeka, kifua kinajaa. Dawa nyingi za shambani za kundi la oganofosfeti zinafanya hivyo, na zinapita hata kwenye ngozi, si lazima anywe. Dawa yake ipo, atropini, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini. Mzazi akija na chupa isiyo na jina ananiambia "ya kunguni", sijaambiwa kitu.

Viuatilifu halali vinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na vina lebo. Najua bei. Najua pia kunguni wa Mburahati hawasubiri mshahara. Lakini ukishindwa yote, basi kinywaji na dawa visilale chumba kimoja, na godoro lipate jua na hewa kabla mtoto hajalilalia.

#13 Mlevi wa Kahawa

Jamani na mtu akiungua? Maana nyumba hizi za jiko chini kila siku mtoto kaingia kwenye uji. Kwetu tunapaka dawa ya meno.

#14 Bibie wa Uswazi

Kwetu yai. Na unga wa ngano. Yaani mtoto anafika hospitali ameshakuwa nusu ya chapati.

#15 Nesi wa Zamu

😂 Bibie. Ni kweli lakini, tunaanza kwa kumbandua. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa, bomba likiwa halitoki mimina kwa kata kutoka kwenye ndoo. Barafu hapana. Hata kama zimeshapita saa mbili tangu aungue maji bado yanasaidia. Funika na kitambaa safi, twende. Uzi wa moto mtu aufungue wake, tusimpotezee Mlinzi hoja.

#16 Mlinzi wa Kimanga

Ahsante Nesi. Ndiyo, turudi kwenye chupa maana ndiyo inayoniwasha.

#17 Bwana Hesabu

Nimesoma yote. Narudia: elimu kwa akina mama. Ukiwaelimisha, chupa hata zijae nyumba hakuna tatizo.

#18 Karani Mstaafu

Bwana Hesabu, kwa heshima, hapo umekosea na kuna ushahidi. Marekani walishughulika na vidonge na kemikali za nyumbani kwa njia gani? Mwaka 1970 walitunga sheria ya vifungashio, vitu vya hatari viwe na kifuniko ambacho mtoto mdogo hawezi kukifungua. Hawakusema kwanza akina mama wawe makini. Utasema hao ni matajiri. Haya, Afrika Kusini, watu wa vibanda kama sisi, mafuta ya taa ya kupima kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligawa vyombo vyenye kifuniko cha aina hiyo kwenye eneo moja wakalilinganisha na jingine ambalo halikugawiwa. Watoto waliokunywa mafuta ya taa kule kulikogawiwa walipungua karibu nusu. Mama ni wale wale. Uzembe ni ule ule kama unauita uzembe. Kilichobadilika ni chombo.

Na nikukumbushe jambo, mafuta ya taa hapa yalipandishwa kodi mwaka 2011 kukomesha uchakachuaji, watu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Tangu yapande, nani wa uswahilini ananunua lita tano? Tunanunua ya mia tano. Na ya mia tano huiendei na dumu, unaiendea na chupa. Kwa hiyo hata bei ina mkono wake kwenye koo la mtoto wa Mlinzi.

#19 Bwana Hesabu

Hiyo ya Afrika Kusini sikuijua. Sawa. Lakini hivyo vifuniko hapa Kariakoo vinauzwa wapi?

#20 Kiroboto Mtiifu

Swali zuri. Nimekaa Kariakoo miaka tisa sijawahi kuviona vikiuzwa vitupu.

#21 Mama Wawili wa Mbezi

Si wahamie gesi tu? Mitungi midogo mbona ipo, na serikali ina mkakati wa nishati safi, asilimia 80 ya watu wawe wamehamia ifikapo 2034.

#22 Bibie wa Uswazi

Dada wa Mbezi, tunaupenda mkakati. Mtungi ninao, umekaa pale umefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Gesi ikiisha tarehe 18 narudi kwenye mkaa mpaka mwisho wa mwezi. Na maharage kwa gesi? Utanilipia wewe. Tuongelee chupa za leo, 2034 tutaongea tukifika.

#23 Mlinzi wa Kimanga

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kwanza nimekwenda kwa mangi. Nikamwambia usimpimie mtu mafuta kwenye chupa ya maji. Akacheka. "Nikikataa anavuka barabara kwa mwenzangu, na hiyo buku inaenda huko." Sikumlaumu. Nikamuuliza, ukipata vyombo utaviuza? Akasema akiona vinatoka ataviuza.

Nikaenda gereji za hapa Tabata, wale jamaa wanatupa vidumu vya oili vya lita moja, vile vyeusi na vya bluu vyenye mkono na kifuniko cha kukaza. Kimoja wameniuzia mia tatu. Nimechukua kumi. Nimevisuuza kwa mafuta ya taa yenyewe, Fundi Rangi nakushukuru kwa rangi nyekundu uliyonipa wiki iliyopita tulipowasiliana PM (ujumbe wa faragha). Nimepaka mkanda mwekundu kote. Wazo langu ni jepesi: hakuna mtoto Dar aliyewahi kunyweshwa maji kwenye kidumu cha oili. Hakijui. Hakimvutii. Na hata mtu mzima usiku umeme umekatika, akikishika mkononi anajua hiki si cha kunywa.

Dumu la mafuta ya kula msitumie, nawaomba. Mpangaji mwenzetu alishawahi kukaangia mihogo mafuta ya taa, kwa bahati jiko lilikuwa bado halijakolea.

Nimepigilia misumari ukutani uani, urefu wa kichwa changu, vyumba sita misumari sita. Kila kidumu kinaning'inia mbali na moto. Baba mwenye nyumba alikuja juu kwa sababu ya kutoboa ukuta wake, nikamwonesha mtoto, akanyamaza. Chumba cha nne wamekataa, wanasema kidumu cha gereji kinachafua. Sawa, hatulazimishani, ila msumari wao na kidumu chao vipo.

Vinne vilivyobaki nimempelekea mangi auze buku buku. Mpaka jana vimetoka viwili.

#24 Sabuni Tamu

Mlinzi, hii naichukua kwa kostiki yangu. Ila mimi nitafunga na kofuli kabisa. Na sabuni ya maji ninayouza kwenye chupa za soda… hapo nipeni muda, wateja wamezoea.

#25 Mwana Mburahati

Mkuu, mama watoto anaendeleaje? Maana umeongea vidumu tu.

#26 Mlinzi wa Kimanga

Umeniuliza kitu. Haongei sana. Mtoto akikohoa hata kwa pilipili anasimama. Nilimpigia bi mkubwa Korogwe nikamwambia mama, aliyemtia mtoto kidole ni mimi, na chupa niliileta mimi. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani vocha imeisha. Halafu akaniambia na mimi nikiwa mdogo niliwahi kunywa mafuta ya koroboi. Miaka 34 hajawahi kuniambia. Alikuwa anamficha baba.

#27 Bibie wa Uswazi

Subhanallah.

#28 Bwana Hesabu

Wakuu, nimetoka kwenye kompyuta nikaenda jikoni kwangu Sinza, nyumba ya vigae, ili nije niwaambie kwangu hakuna upuuzi huo. Chini ya sinki nimekuta chupa tatu za maji. Moja ina jiki, nimenusa kifuniko. Moja ni tina ya fundi aliyepaka mwaka jana. Ya tatu sijui ni nini. Nimemuuliza mama watoto naye hajui. Dada wa kazi hajui. Tumesimama hapa watatu tunaitazama.